Naomba ushauri: desktopu ya steshenari ina giga 4, niongeze RAM ipi nisije nikapigwa?

MwanaTemeke:
Wakuu, habari za wakati huu. Nina kasteshenari kangu huku Mbagala, kazi ni zile zile mnazozijua: kuchapa, kuskani, kadi za harusi, picha za pasipoti, na vijana wanaokuja kuombea ajira mtandaoni. Mashine ni Dell OptiPlex 7010, ile yenye kasha jembamba, prosesa i5-3470, RAM (kumbukumbu ya kazi) giga 4, hadi diski (diski kuu ya kuhifadhia) ya giga 500. Niliinunua mtumba na hainisumbui ila kwa jambo moja: nikifungua Photoshop huku Chrome iko wazi na Word iko wazi, inaganda. Mteja anasimama ananitazama, mimi natazama kaduara kanavyozunguka.

Nimezunguka Kariakoo kuulizia. Duka la kwanza wana giga 8 stiki moja, bei chee kweli kweli, ila kwenye kibandiko pameandikwa AMD. Duka la pili wana giga 16 iliyotoka kwenye sava, nayo bei yake inashangaza. Duka la tatu jamaa ananiambia RAM ni RAM tu, cha kuangalia ni giga. Natanguliza shukrani, wajuzi naombeni mwongozo.

Nyuki_wa_Tabora:
Ngoja waje wenyewe. Naweka kambi hapa, hata yangu inajikongoja.

FundiChipu:
Mkuu MwanaTemeke, usitoe hata mia kwanza. Maduka yote matatu ungetoka na kimeo.

Hiyo ya AMD: chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo prosesa za AMD za enzi ile zinaweza kuisoma, za Intel haziwezi. Ndiyo maana ni chee. Ukiichomeka kwenye i5 yako, mara nyingi mashine haiwaki kabisa, na ukirudi dukani utaambiwa "lakini si imeandikwa?"

Hiyo ya sava: itaingia kwenye sloti bila ubishi. Meno ni 240 kama ya DDR3 (aina ya RAM ya mashine yako) yoyote ya desktopu, mkato uko pale pale. Lakini angalia katikati ya stiki, utaona chipu ndogo ya ziada iliyokaa peke yake. Hiyo ni rejista, inasimama kati ya prosesa na kumbukumbu, na mashine yako haijui kuongea nayo. Itawasha feni, skrini itabaki nyeusi.

Na huyo wa "RAM ni RAM" mwache aendelee na biashara yake.

Sasa kabla ya kununua nataka unijibu. Fungua zile programu zako zote kama siku ya kazi, mpaka ianze kuganda. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Niandikie In use inasema ngapi, Committed inasema ngapi, na chini kulia Slots used. Halafu bofya kulia kwenye This PC, chagua Properties, uniandikie mstari wa Installed RAM na wa System type kama ulivyo. Usifupishe.

BintiUnguja:
Kaka FundiChipu, mie naona umeruka jambo. Mashine ina hadi diski ya kuzunguka. Hata umpe giga 32, Windows itawaka taratibu, Photoshop itafunguka taratibu. Mie ningemwambia aanze na SSD, diski isiyozunguka, RAM baadaye. Ofisini kwetu tulibadilisha diski tu, RAM tukaacha giga 4, na watu wakadhani tumeleta mashine mpya.

FundiChipu:
Dada BintiUnguja, sikupingi. Ila subiri namba. Kuna mashine inayoganda kwa sababu diski ni nzito, na kuna mashine inayoganda kwa sababu RAM imejaa na inaitumia diski kama stoo. Ukiitazama kwa nje zote zinaganda vile vile.

MwanaTemeke:
Nimerudi wakuu. Nimefungua Photoshop yenye kadi ya harusi, Word, Chrome kurasa kama kumi na ile programu ya skana. Naandika kama nilivyoona:

In use 3.0 GB. Committed 6.1/7.9 GB. Slots used 2 of 4. Speed 1600 MHz. Nilipobofya Disk ilikuwa 100% muda wote.

Installed RAM: 4.00 GB (3.41 GB usable). System type: 32-bit operating system, x64-based processor.

FundiChipu:
Sawa, hapo umetuletea mengi kwa mpigo.

Kwanza huo mstari wa mwisho. Prosesa yako ni ya biti 64, lakini aliyekuwekea Windows alikuwekea ya biti 32. Windows 10 ya biti 32 mwisho wake ni giga 4, na ndani ya hizo nyingine zinamegwa kwa ajili ya grafiki na vifaa vingine, ndiyo maana umebakiwa na 3.41. Ungenunua giga 16 leo, ungefunga, mashine ingewaka vizuri, na bado ungekuwa na zile zile 3.41. Ungerudi hapa kututukana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama ya RAM: hamisha mafaili yako yote pembeni, weka Windows ya biti 64 upya. Huwezi kuipandisha kutoka 32 kwenda 64 ukiwa juu yake, lazima usafishe. Leseni yako kama ni halali inatumika zote mbili, mradi toleo ni lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro. Na Photoshop za miaka ya karibuni zinataka biti 64 tu, kwa hiyo unayotumia bila shaka ni ya zamani.

Pili, Committed. Watu wengi wanatazama In use, wakiona 3.0 kati ya 3.4 wanasema "bado kuna nafasi". In use haiwezi kupita RAM uliyonayo, itapandaje? Committed ndiyo jumla ya kumbukumbu ambayo Windows imeziahidi programu zote, ikiwemo ile iliyokosa nafasi na kusukumwa kwenye diski. Yako ni 6.1. Una ahadi ya 6.1 na mfukoni una 3.4. Kinachokosa nafasi kinasukumwa kwenye hadi diski, na ndiyo maana diski imegota 100%.

Kwa hiyo dada BintiUnguja, huyu SSD ingemsaidia, tena sana, lakini ingekuwa inabeba mzigo usio wake. Kwake RAM ndiyo inayolia.

BintiUnguja:
Hapo nimekuelewa. Naongeza tu: akiwa anasafisha Windows kwa vyovyote, si ndiyo wakati wa kuweka SSD? Afanye kazi mara moja. SATA ya kawaida ya giga 256 inamtosha, ya zamani abaki nayo kuwekea kazi za wateja.

FundiChipu:
Nakazia. Kama mfuko unaruhusu vyote viwili, fanya siku moja. Kama hauruhusu, RAM na biti 64 kwanza.

Nyuki_wa_Tabora:
Sasa anunue giga ngapi? Maana jukwaani kila mtu anasema 16.

FundiChipu:
Hapo ndipo watu wanatupa hela. Namba yake kasema mwenyewe: 6.1 siku ya kazi. Tuseme ya biti 64 inakula zaidi kidogo na siku nyingine kuna picha nzito. Giga 8 zinamtosha, zikibana kidogo. Giga 12 ana raha. 16 ni sawa kama bei inaruhusu. 32 ni kuvaa koti Mbagala mwezi wa pili.

Na kuna sababu nyingine ya kutotoboa mfuko. Hiyo mashine ni ya kizazi cha 3 cha Intel, ya mwaka 2012. RAM yake ni DDR3. Siku ukiiacha ukanunua mashine ya kizazi cha 8 kwenda mbele, hakuna hata stiki moja utakayohama nayo, kule ni DDR4 au DDR5. Na ujue Windows 11 rasmi haiikubali hiyo prosesa, na Windows 10 Microsoft walifunga msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine bado inapiga kazi, ila usiijengee ghorofa.

Ninachokushauri: sloti zako ziko 4, mbili zina stiki za giga 2 kila moja. Ziache hapo hapo. Nunua mbili za giga 4 zinazofanana, weka kwenye sloti mbili zilizo wazi. Jumla 12, na zote zinafanya kazi kwa njia mbili.

Mshamba_wa_Mjini:
Njia mbili maana yake nini mkuu? Si bora giga 8 moja abakishe sloti?

FundiChipu:
Prosesa yake ina njia mbili za kwenda kwenye kumbukumbu. DDR3 ya 1600 inahamisha mara milioni 1,600 kwa sekunde, kila mara baiti 8. Zidisha: 12,800 megabaiti kwa sekunde kwa njia moja. Ukiwa na stiki pande zote mbili zenye uzito sawa, ni 25,600. Ukiweka stiki moja tu, nusu ya barabara inakaa bure.

Kwa Word hutaona tofauti, nisikudanganye. Lakini mashine yake haina kadi ya grafiki, inatumia ile ya ndani ya prosesa, na hiyo haina kumbukumbu yake, inaazima humo humo kwenye RAM. Watu wa picha, video na gemu ndogo ndogo wanaiona tofauti kwa macho.

Kwenye hizo Dell sloti zenye vishikio vyeupe ndizo jozi ya kwanza, vyeusi ni jozi ya pili. Mapacha wakae jozi moja. Kwenye mazabodi za madukani zenye sloti nne, stiki mbili zinakwenda ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Soma kitabu cha bodi yako, wengine wana mpangilio wao.

MwanaTemeke:
Nashukuru sana mkuu. Swali: nikifika dukani, nitajuaje kwamba hii ndiyo yenyewe? Maana vibandiko vimeandikwa kama namba za siri.

FundiChipu:
Hilo ndilo swali la uzi huu. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, halafu chomoa stiki moja uisome. Utakuta mstari kama huu:

2GB 1Rx8 PC3-12800U

2GB unaijua. 1R ni idadi ya safu za chipu, x8 ni upana wa kila chipu. Ukiona x4 kwenye stiki unayouziwa kwa desktopu, irudishe mezani. PC3 ni DDR3. Ikiwa PC3L ni ile ya volti ndogo, 1.35 badala ya 1.5. PC4 ni DDR4, na PC5 ni DDR5. 12800 ni ile hesabu tuliyofanya juu, maana yake 1600. Ukikuta 10600 ni ya 1333, itafanya kazi ila zote zitashuka kwenda na mwendo wake.

Herufi ya mwisho ndiyo inayookoa watu. U ni ya desktopu ya kawaida. R ni ile ya sava yenye rejista, ikwepe. E ina chipu ya ziada ya kusahihisha makosa, ni ya sava ndogo na mashine za kitaalamu, nayo ikwepe. S ni ya laptopu, hiyo hata haiingii, ni fupi.

Unachotafuta wewe: mbili za 4GB, PC3-12800U. Hata PC3L-12800U itakubali, maana DDR3L zimetengenezwa kuvumilia volti 1.5 pia. Kampuni tofauti si tatizo kubwa, mapacha ni bora.

Na kama utaamua giga 8 kwa stiki, kuna mtego mmoja ambao wauzaji wengi hawaujui. Prosesa za kizazi cha 2, cha 3 na cha 4 zinasoma chipu za hadi gigabiti 4. Ili ipatikane giga 8, lazima chipu ziwe 16, nane kila upande, kibandiko kiseme 2Rx8. Ukipewa giga 8 ya DDR3 yenye chipu nane upande mmoja na mgongo mtupu, hizo ni chipu za gigabiti 8 na mashine yako haitazikubali. Igeuze kabla ya kulipa.

Nyuki_wa_Tabora:
Umenena. Na vibandiko vya kubandikwa upya je?

FundiChipu:
Beba CPU-Z, programu inayosoma taarifa za vifaa vya mashine, kwenye flashi, lipo toleo lisilohitaji kuinstoliwa. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye mashine yake, fungua ukurasa wa SPD. Kila stiki ina kachipu kadogo kanakobeba taarifa zake: ukubwa, mwendo, volti, aliyeitengeneza, wiki na mwaka. Kibandiko kinaweza kubandikwa na yeyote, kale kachipu watu wachache wanakagusa. Muuzaji akikataa kukujaribishia, nenda duka la jirani.

Kijana_wa_Luthuli:
Salamu kutoka Nairobi. FundiChipu amesema vizuri, lakini wacha niongeze ya kwetu, kwa sababu hapa Luthuli Avenue mashine za ex-UK, mitumba ya Uingereza, ndizo chakula chetu. Watu huja wakisema "niko na OptiPlex ya kizazi cha 6, nipee DDR4". Ngoja kwanza. 7040 ni DDR4. Lakini 3040 na 5040, kizazi ni kile kile cha 6, hizo zinatumia DDR3L. Chipu za Intel za wakati huo zilikubali zote mbili, kila bodi ikachagua yake. Na kwa hizo usiweke DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 hata kama imeingia, Intel wenyewe walionya kwamba volti hiyo inaweza kuharibu prosesa. Iandikwe L.

Kitu kingine, zile ndogo kabisa za kufunga nyuma ya skrini, Micro za Dell, Mini za HP, Tiny za Lenovo: ni desktopu kwa jina, RAM yake ni ya laptopu. Hapo herufi S ndiyo unatafuta.

Na jina 7010 lenyewe lina mambo. Dell walilitumia tena 2023 kwa mashine mpya za kizazi cha 13. Mtu akikuuliza mashine gani, taja na kizazi, ama umpee ile Service Tag, namba ya utambulisho iliyo kwenye kasha, aangalie kwenye tovuti ya Dell ilitoka kiwandani na nini.

BintiUnguja:
Hii ya Service Tag watu hawaitumii na ni bure. Na kwa sisi wa visiwani na Pwani yote, kabla hujasema RAM imekufa, itoe uitazame meno. Hewa ya bahari inayatia weusi. Kifutio cheupe cha penseli, futa taratibu pande zote mbili, pangusa unga wake kwa kitambaa kikavu, rudisha. Mie mashine kadhaa zilizoletwa "mbovu" zimepona hapo hapo mezani.

Kijana_wa_Luthuli:
Kweli kabisa dada. Na sikiliza mlio. HP nyingi za ofisi za zamani, taa ya kuwashia ikipepesa nyekundu mara tano na kulia mara tano, ni RAM. Haijakaa vizuri ama si yake.

Mshamba_wa_Mjini:
Mbona juzi nimeulizia DDR4 na DDR5 bei imepaa hivi? Wauzaji wetu au dunia?

FundiChipu:
Dunia. Chipu za kumbukumbu kwa sehemu kubwa zinatoka kwa kampuni tatu: Samsung, SK Hynix na Micron. Wengine wote unaowaona kwenye maboksi, Kingston na wenzake, wananunua chipu na kuzipanga. Mwaka 2025 vituo vya data vya akili mnemba vilianza kufagia kumbukumbu, na kampuni zikahamishia nguvu kule kwenye faida. Desemba 2025 Micron wakatangaza kuachana na biashara ya Crucial kwa wateja wa kawaida. Muuzaji wa Kariakoo anaweza kuongeza chake, lakini safari hii moto umeanzia juu.

Ndiyo maana nasisitiza kupima kabla ya kununua. Zamani ukizidisha giga 8 ulikuwa umepoteza hela ya soda.

MwanaTemeke:
Wakuu, mrejesho. Windows ya biti 64 nimeweka, SSD nimeweka (dada BintiUnguja umenishinda), na nimepata mbili za 4GB PC3-12800U, zote Hynix, zimekubali kwenye CPU-Z dukani. Ile ya kwanza alinipa 1333, nikamrudishia, akacheka akasema "leo umekuja na mwalimu". Sasa inasoma 12.0 GB, 11.9 usable. Kazi zile zile, Committed inacheza kwenye 6 na ushee, diski imetulia. Kadi ya harusi yenye picha ya maharusi na maua yote inafunguka huku vijana wanajaza fomu.

Nyuki_wa_Tabora:
Hongera mkuu. Mimi nimeangalia yangu: In use 3.9 ya 8, Committed 4.8/9.2. Inamaanisha RAM haina kosa?

FundiChipu:
Haina kosa lolote. Tazama diski, na ufungue kasha uangalie vumbi kwenye feni ya prosesa. Usinunue RAM.

Mpiga_Picha_Arusha:
Nadandia uzi, samahanini. Nahariri video za harusi, Premiere Pro, kamera ya 4K. Natoka kwenye i5-8400 naenda Ryzen 5 7600, bodi yenye sloti 4 za DDR5. Nachukua giga 32. Je, 4 za giga 8 au 2 za giga 16? Muuzaji anasema nne zina kasi zaidi kwa sababu zinajaza sloti zote.

FundiChipu:
Mbili za 16. Prosesa hiyo ina njia mbili, sloti nne hazikupi njia nne. Kinyume chake, DDR5 zikiwa nne zinashuka: kwa Ryzen 7000, AMD wenyewe wameandika 5200 ukiwa na stiki mbili, na 3600 ukiwa na nne. Kuna wanaopita hapo kwa kuchezea mipangilio, lakini wewe una harusi za watu kwenye diski, si uwanja wa majaribio. Halafu sloti mbili zinabaki wazi kama akiba.

32 kwa 4K ni sawa, hata Adobe wanapendekeza 32 kwenda juu kwa 4K. Na ukifunga ingia BIOS (mipangilio ya bodi kabla ya Windows) uwashe EXPO, mpangilio unaoipa RAM mwendo wake kamili, la sivyo stiki uliyolipia kama 6000 itatembea mwendo wa chini ambao bodi inaanzia. Kwa watu wa Intel hiyo inaitwa XMP. Wale wa mashine za ofisi msihangaike kuitafuta, nyingi za Dell na HP hazina.

Mpiga_Picha_Arusha:
Nimefunga. Nimewasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nyeusi kabisa. Nizime?

FundiChipu:
USIZIME. Mara ya kwanza DDR5 kwenye hizo bodi zinapimana na prosesa, inaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa tupu. Kunywa chai.

Mpiga_Picha_Arusha:
Imewaka! Giga 32 zote zinaonekana. Nilikuwa nimeshashika kitufe kaka.

Mshamba_wa_Mjini:
Mkuu wa Arusha, zile RAM za kwenye i5 ya zamani unauza?

Mpiga_Picha_Arusha:
Nauza. Zipo mbili, giga 8 kila moja.

Mshamba_wa_Mjini:
Geuza kibandiko uandike chote kama kilivyo.

Mpiga_Picha_Arusha:
8GB 1Rx8 PC4-2666V-UA2. Zote mbili Samsung, namba zinafanana.

Mshamba_wa_Mjini:
U ipo. Njoo PM tuongee bei.